Joto Linapotokea Kiganjani

Mwanariadha anayefanya mazoezi Kesses anajiandaa kwa karibu kila kitu isipokuwa joto. Huku juu, jirani na Chuo Kikuu cha Moi, watu hutoka alfajiri wamevaa koti na glavu, na hewa yenyewe humpoza mkimbiaji bila yeye kufanya lolote. Shida huanza akishuka. Mbio za Nyika za Dunia zilipofanyika kwenye joto la Mombasa Machi 2007, Kenenisa Bekele wa Ethiopia, bingwa wa miaka mingi, alijitoa katika mzunguko wa mwisho, na dhahabu ikaenda kwa Zersenay Tadese wa Eritrea. Doha, Septemba 2019, marathoni ya wanawake ilianza dakika moja kabla ya saa sita usiku ili kukwepa jua, lakini bado joto lilizidi nyuzi 30 na unyevu ulikuwa mzito. Walianza 68, wakamaliza 40. Waethiopia watatu waliokuwemo hawakumaliza hata mmoja.

Ruth Chepng'etich alishinda kwa 2:32:43. Januari ya mwaka huohuo alikuwa amekimbia 2:17:08 kule Dubai. (Alifungiwa mwaka 2025 kwa kosa la dawa, lakini matokeo ya Doha hayakuguswa.) Dakika 15 na ushei zilienda wapi? Zililipia joto. Misuli hugeuza takriban robo tu ya nishati kuwa mwendo, na iliyobaki yote huwa joto linalotafuta njia ya kutoka. Jasho hupoza pale tu linapokauka, na kwenye hewa nzito kama ile hudondoka chini bila kufanya kazi. Mwili ukishaelemewa, ubongo hupunguza kasi kabla miguu haijachoka kweli.

Hapo ndipo viganja vinapoingia. Kwenye viganja, nyayo na sehemu za uso kuna mishipa inayounganisha ateri na vena moja kwa moja, bila kupitia kapilari. Ikifunguka, damu nyingi yenye joto hupita karibu na ngozi isiyo na nywele, ikapoa na kurudi kifuani. Dennis Grahn na Craig Heller wa Chuo Kikuu cha Stanford walijenga kifaa cha kupoza kiganja kwa kufuata umbile hilo. Mwaka 2005 walionyesha kwamba kupoza kiganja kimoja tu kulimwezesha mtu kuendelea na mazoezi kwa muda mrefu zaidi katika chumba chenye joto kali. Mwaka 2012 walipima mazoezi ya nguvu, wakipoza viganja katika mapumziko ya dakika 3 kati ya seti. Wazoefu wa kujivuta kwenye chuma waliongeza kazi yao kwa asilimia 144 ndani ya wiki 6.

Takwimu hiyo imesafiri mbali kuliko inavyostahili. Kundi lenyewe lilikuwa la watu 7, na watafiti wengine waliojaribu mbinu hii baadaye hawakuona faida kubwa hivyo, hasa pale ambapo mazoezi hayakufanyika kwenye joto. Ninaiamini fiziolojia yake kuliko ninavyoamini hizo asilimia. Kwa hiyo sitamshauri kijana wa Kesses atumie pesa zake kununua mashine kutoka ng'ambo. Beseni linatosha.

Ila beseni lina sharti lake, na wengi hukosea papo hapo: wanajaza barafu. Ngozi ikikutana na baridi kali, mishipa ileile tunayoitegemea hujifunga, damu hairudi tena kiganjani, na joto hubaki ndani ilhali mkono umekufa ganzi. Maji yanayofaa ni ya nyuzi 10 hadi 15 hivi, na kipimajoto cha bei nafuu kinatosha kuyapima. Tumbukiza viganja vyote viwili, vidole vikiwa vimelegea, uvizungushe polepole ili maji yaliyopashwa na ngozi yaondoke. Dakika 2 au 3 zinatosha. Ukivitoa vikiwa vimepauka na vinauma, maji yalikuwa baridi mno. Vikiwa vyekundu na vina uhai, damu ilikuwa inapita.

Wakati wa kutumia mbinu hii nao una maana. Mapumziko kati ya marudio ya kasi, siku ya mazoezi Mombasa au Kisumu, ndiyo mahali pake hasa, na vilevile dakika za mwisho kabla ya kuitwa kwenye mstari. Katikati ya marathoni faida yake hupungua, kwa kuwa hakuna anayesimama dakika 3 na mikono kwenye beseni. Hapo kinachosaidia ni maji ya kichwani na shingoni, pamoja na mwendo uliopangwa tangu kilomita ya kwanza.

Kuna jambo moja makocha wetu wanapaswa kulizingatia zaidi. Mwili huzoea joto kwa kukaa nalo: kwa wiki moja hadi mbili za mazoezi kwenye joto, jasho huanza mapema, maji ya damu huongezeka, mapigo ya moyo hushuka. Anayejipoza kila baada ya marudio katika siku hizo anajinyima mafunzo aliyoyafuata. Basi beseni lisubiri mpaka siku za kuzoea zipite, kisha lirudi kwenye siku za kasi, wakati kocha anataka marudio ya mwisho yawe sawa na ya kwanza.