Mbega Wana Madaraja

Mwaka jana hoteli moja kubwa ya Diani ilinipa kazi ya kuandika kurasa nne. Jina lake nalihifadhi, kwa sababu nusu ya pesa zangu bado wanazo. Kazi yenyewe ilikuwa mwongozo wa mgeni: ukishafika, unazungukaje? Unatoka vipi mapokezi mpaka chumbani, chumbani mpaka bwawa la watoto, bwawani mpaka mkahawa wa samaki, na jioni unarudi vipi bila kupotea? Mahali penyewe ni pakubwa kiasi cha kuhitaji vigari vya umeme, vile visivyo na milango, vinavyopita kimya kati ya minazi kila baada ya dakika kadhaa. Nilipewa chumba usiku tatu, bangili ya plastiki mkononi, na ramani.

Ile ramani nimeisoma kuliko nilivyowahi kusoma kitabu chochote chuoni. (Nilitoka chuo mwaka wa tatu, karo ilipogoma, kwa hiyo hilo si la kujivunia sana.) Ni ramani nzuri. Bahari iko juu, imepakwa buluu. Kila jengo lina rangi yake na vijia vyote vina vidoti. Lakini upande wa chini, palipo Barabara ya Diani Beach, kuna geti moja tu lililochorwa, kisha karatasi inaisha. Ukunda haipo. Stendi ya matatu haipo. Hata geti la nyuma halipo, na hilo geti mimi nalijua tangu utotoni, kwa sababu ndilo Shangazi yangu huingilia kazini.

Nitarudi kwa Shangazi. Kwanza filamu.

Usiku wa kwanza nilijifungia chumbani nikatazama Paradies: Liebe ya Ulrich Seidl, Mwaustria, iliyoshindanishwa Cannes mwaka 2012. Nilikuwa nimeikwepa miaka yote, maana kila mtu anayesikia natoka pwani huniuliza kama nimeiona. Ni hadithi ya Teresa, mama wa makamo anayechezwa na Margarete Tiesel, anayekuja likizo Kenya na kuanza kununua mapenzi kwa vijana wa bichi huku akijiambia kwamba hanunui. Anayebaki akilini zaidi ni Munga, anayechezwa na Peter Kazungu.

Wengi waliniambia filamu hii inatudhalilisha. Nimeitazama mara mbili na sikubaliani nao kabisa. Inaanza Ulaya, kwenye uwanja wa michezo, ndani ya vile vigari vya kugongana. Watu anaowahudumia Teresa kazini wanazunguka, wanagongana, wanacheka, wanapiga kelele, na hakuna gari linalotoka nje ya sakafu ile. Halafu tunahamia hotelini kwetu. Mimi niliona ni sakafu ileile, imeongezewa minazi tu. Teresa anazunguka, anagonga mtu, anarudi nyuma, anamgonga mwingine. Seidl hamcheki wala hamtetei. Anaweka kamera mahali pamoja na kuiacha hapo mpaka wewe mtazamaji uanze kujikuna.

Picha ambayo kila mtu huikumbuka ni ya kamba. Wageni wamelala kwenye vitanda vya jua, wamepangwa kama samaki wa kuanikwa. Mbele yao imepitishwa kamba, na ng'ambo ya kamba vijana wamesimama wima wakisubiri. Askari anatembea katikati. Mgeni akivuka tu, wanamzingira. Picha hiyo ni ya kweli. Nimekulia Msambweni na siwezi kusema ni uongo.

Tatizo langu liko kwingine. Katika filamu ile, karibu kila tunachokiona tunakiona tukiwa na Teresa. Wale vijana wa ng'ambo ya kamba hawafiki pale. Wapo tu, kama wameota mchangani. Hatujui waliamka saa ngapi, walilipa nauli kiasi gani, walipita kichochoro gani, wala jioni wanarudije. Teresa akipanda boda kwenda kwa Munga, kamera inaenda. Teresa asipokuwepo, hao watu hawana safari. Seidl ameiona kamba vizuri kuliko wengi, lakini ameitazama kutoka upande wa vitanda. Kwa hilo filamu yake na ile ramani ya hoteli ni ndugu: zote mbili zinaishia kwenye geti.

Si yeye peke yake. Die weiße Massai, kitabu cha Corinne Hofmann cha mwaka 1998, nacho kinaanzia kwetu: Mswisi yuko likizoni na anamwona mwanamume wa maisha yake kwenye feri ya Likoni. Wapwani tunaovuka kwenye feri hiyohiyo kwenda hospitali, sokoni na kazini, tumesimama nyuma ya hadithi tukimpisha.

Basi sasa Shangazi.

Ndiye aliyelipa karo yangu ya mwaka wa kwanza. Anafanya kazi kwa dobi, idara ya kufua, katika hoteli hiyohiyo, na hiyo ndiyo sababu niliikubali kazi kwa bei waliyotaja. Hutoka Msambweni alfajiri kwa matatu mpaka Ukunda, hapo huingia tuktuk ya kuchangia mpaka Barabara ya Diani Beach, hushuka na kutembea kandokando ya ukuta hadi geti la nyuma. Mkoba unakaguliwa akiingia, unakaguliwa tena akitoka. Kutoka getini hupita kati ya jenereta na jiko. Mbali kabisa anakofika ndani ni stoo ya taulo karibu na bwawa, na akishatua mzigo hugeuka. Ana miaka 14 kwenye njia hiyo.

Siku ya pili nilikuwa nimekaa kwenye kigari cha umeme, daftari mkononi, nikihesabu vituo. Mbele yetu akavuka Shangazi akisukuma toroli la taulo. Dereva akasimamisha ili apite. Nikafungua mdomo kusema shikamoo, kama nilivyofundishwa tangu sijajua kutembea. Yeye akaniwahi. Akanitazama usoni, akatabasamu lile tabasamu la kazini, akasema, "Jambo! Karibu sana."

Nikamjibu, "Jambo."

Kwetu hakuna mtu anayesalimiana hivyo. Hilo ni neno la wageni. Kwenye filamu ya Seidl, ndilo neno wanalofundishwa watalii ndani ya basi siku ya kwanza, pamoja na hakuna matata, na wote wanaitikia kama watoto wa chekechea. Nilicheka nilipoiona sehemu hiyo. Saa kadhaa baadaye nilikuwa ndani yake, na kigari kikaondoka.

Jioni nilimfuata Msambweni kumwomba radhi. Alikuwa anakuna nazi. "Wewe mwana, wataka nifutwe kazi?" akaniuliza. "Mgeni hasalimiwi kwa shikamoo. Na wewe leo ulikuwa mgeni." Hakusema kwa uchungu, na nafikiri afadhali angekuwa na uchungu. Halafu akauliza habari za chuo, swali analoniuliza kwa heshima kila tunapoonana, nami nikajibu kwa mzunguko kama kawaida yangu.

Usiku huo nilimuuliza kama huwa anaiona bahari akiwa kazini. "Siioni, lakini naijua," akasema. "Taulo zikija na mchanga mwingi, najua maji yamekupwa, wageni wametembea mbali. Zikija na mchanga kidogo, maji yamejaa, wamekaa bwawani. Siku za bamvua twapumzika kidogo."

Niliandika maneno hayo nyuma ya ramani. Kwa maoni yangu hakuna mtu aliyewahi kuieleza Diani vizuri kuliko hivyo, nami nikijumlishwa.

Si kwamba sisi ndio wa kwanza kuficha njia za wafanyakazi. Walt Disney World ilipofunguliwa Florida mwaka 1971, bustani yake kuu, Magic Kingdom, ilijengwa juu ya mapito ya chini kwa chini, ili wafanyakazi wasionekane wakikatiza sehemu zisizo zao na kuharibu ndoto ya mgeni. Kule waliyaficha chini ya ardhi. Diani hakuna haja ya kuchimba, inatosha kutochora. Tofauti ni kwamba Disney walijijengea ulimwengu wao wa kubuni. Hapa ufuo ulikuwepo, na watu walikuwepo. Msikiti wa kale wa Kongo bado umesimama pale mto unapoingia baharini, na upande wa kusini iko Kaya Kinondo, msitu mtakatifu wa Wadigo, pale mgeni anapofungwa kaniki nyeusi kabla ya kuingia na kuambiwa ni wapi akanyage. Kaya nayo ina mipaka, ila wenyewe wako ndani wakikuongoza, na sheria ni moja kwa kila anayeingia.

Ufuo nao una sheria. Katiba yetu ya mwaka 2010, kifungu cha 62, inahesabu kama ardhi ya umma ardhi yote iliyo kati ya alama ya maji yakijaa na alama ya maji yakipwa. Kwa hiyo ile kamba ya kwenye filamu, ikifungwa chini ya mstari wa maji kujaa, imefungwa kwenye ardhi yako na yangu. Nilikuwa najua hilo kwa kichwa, nililisoma chuoni kabla sijatoka. Sikuwa nimelijua kwa miguu. Siku ya tatu niliamua kutembea mchangani kuelekea kusini wakati maji yanajaa. Mwanzoni uwanja ulikuwa mpana. Baada ya muda mchanga ukawa utepe. Mwisho wimbi likawa linapiga ukuta wa hoteli ya jirani, na mimi nimesimama na viatu mkononi, suruali imelowa mpaka magotini, juu yangu askari ananiangalia. "Wewe ni mgeni au mfanyakazi?" akauliza. Sikusema mimi ni raia. Nilinyoosha mkono nikamwonyesha bangili, nikamjibu kwa Kiingereza. Alinipisha kwenye ngazi bila neno.

Ndipo nikaielewa haki yetu ya ufuo. Ni haki inayojaa na kupwa mara mbili kwa siku. Maji yakiwa mbali, ni yako. Maji yakija, umma unabanwa kati ya bahari na ukuta, na wa kuokoka ni mwenye bangili. Ukitaka kurudi barabarani, lazima utafute kimojawapo cha vichochoro vya umma kati ya ua na ua, na ukitoka Nairobi hutavijua mpaka mtu wa tuktuk akuonyeshe.

Nikitoka kichochoroni niliinua macho. Juu ya Barabara ya Diani Beach, kutoka mti wa upande huu mpaka mti wa upande ule, kimetundikwa kitu kama ngazi iliyolala. Ni madaraja ya mbega. Wale nyani weusi wenye mabega meupe walikuwa wakigongwa sana na magari, na shirika la Colobus Conservation, lililoanzishwa mwaka 1997, likawawekea njia za kuvukia juu ya barabara. Wanazitumia kweli. Niliona mmoja akipita taratibu, mtoto tumboni, na chini yake matatu, tuktuk na magari ya wageni.

Siwaonei wivu mbega. Nasema tu kwamba mtu alikaa chini akajiuliza: huyu kiumbe anataka kutoka wapi kwenda wapi, na nini kinamzuia? Kisha akajenga kwa kufuata jibu. Hilo swali Seidl hakuwauliza vijana wa kamba. Mimi pia sikumuuliza Shangazi kwa miaka 14.

Kwenye mwongozo wangu niliandika sentensi mbili za ziada. Moja ilieleza nauli na njia ya kufika Ukunda kwa matatu. Nyingine ilisema ufuo ni wa umma na kwamba watu utakaowakuta pale wako kwao. Toleo lililochapishwa halina hata moja. Lina sentensi yangu kuhusu vigari vya umeme, ambayo wanasema imewafurahisha sana wageni.

Jumapili, Shangazi akiwa na likizo, nilimwomba twende. Tulipitia kichochoro cha umma, maji yamekupwa, mwamba uko wazi mbali kule. Alivua ndara akatembea polepole, baibui ameishika juu kidogo. Tulipofika mbele ya hoteli yake alisimama. Vitanda vilikuwa vimepangwa, wageni wamelala. Aliangalia kwa muda mrefu, nikadhani atasema neno zito.

"Zile za buluu," akasema, "mafuta yao ya jua hayatoki hata ukiloweka."

Halafu akatazama bahari, akasema yameanza kurudi, tugeuke mapema. Tukageuka.