Panya Katika Maji ya Maziwa

Kuharibu sehemu ya ubongo wa panya si kazi ngumu. Kazi ni kuthibitisha kilichoharibika. Panya akishindwa kukifikia chakula baada ya upasuaji, huenda amesahau njia. Lakini huenda pia haoni vizuri, miguu imelegea, au hamu ya kula imemtoka. Kwa mtazamaji yote hayo ni mamoja: panya hakufika.

Karl Lashley wa Marekani alikumbana na ugumu huo mapema. Katika kitabu chake cha 1929 alieleza jinsi alivyokata maeneo mbalimbali ya gamba la ubongo, kisha akawapima panya wake kwenye mizingile. Aliona makosa yakiongezeka kadiri jeraha lilivyokuwa kubwa, popote lilipokuwa. Akaamini kumbukumbu imetawanyika. Ila ndani ya mzingile panya hutumia macho, pua, sharubu na hisia za misuli kwa pamoja. Akipoteza hisi moja hutegemea nyingine, na jeraha kubwa humnyang'anya kadhaa kwa mkupuo.

Mwaka 1957 William Scoville na Brenda Milner walieleza habari za mgonjwa ambaye, baada ya kuondolewa sehemu kubwa ya hipokampasi, eneo lililo ndani ya ubongo, pande zote mbili, hakuweza tena kuhifadhi kumbukumbu mpya za matukio. Macho ya watafiti yakageukia hipokampasi. Mwaka 1971 John O'Keefe na Jonathan Dostrovsky wakaripoti seli za hipokampasi ya panya zinazotoa ishara mnyama anapokuwa mahali fulani tu.

Kilichokosekana ni kipimo safi. Richard Morris, akiwa Chuo Kikuu cha St Andrews, Uskoti, alikiunda: bwawa la mviringo, maji yaliyotiwa maziwa yasionyeshe kitu, na jukwaa dogo lililofichwa chini kidogo ya uso wa maji. Hakuna njia ya kunusa wala kuta za kupapasa. Panya huanza kuogelea kutoka upande tofauti kila mara, kwa hiyo hufika tu kwa kujua jukwaa liko wapi kulingana na vitu vilivyomo chumbani. Na njaa haihusiki, maana kila panya anataka kutoka majini.

Mwaka 1982 Morris, O'Keefe na wenzao walichapisha matokeo katika jarida la Nature. Nguvu ya kazi hiyo imo katika ulinganisho wake. Hipokampasi ya panya imefunikwa na gamba, hivyo ili kuiondoa kwa kuifyonza ni lazima kupita kwenye gamba hilo. Basi kundi jingine liliondolewa gamba hilo peke yake, nalo likajifunza. Waliopoteza hipokampasi walihangaika bwawani. Jukwaa lilipoinuliwa likaonekana, nao waliliendea: macho, miguu na hamu vilikuwa salama. Jukwaa lilipoondolewa kabisa, panya wazima walirandaranda kwenye robo ya bwawa lilimokuwa. Wasio na hipokampasi waliogelea kotekote.

Ufyonzaji una dosari: hukata pia nyuzi za neva zinazopita tu eneo hilo zikielekea kwingine. Baadaye watafiti wakaanza kutumia asidi ya iboteniki, inayoua seli na kuziacha nyuzi hizo kwa kiasi kikubwa.

Mwaka 1990 Howard Eichenbaum, Caroline Stewart na Morris waliongeza jambo. Panya waliokatwa fungu kuu la nyuzi linalounganisha hipokampasi na sehemu nyingine walijifunza kulifikia jukwaa lililofichwa, mradi waanzie sehemu ileile kila mara. Sehemu ya kuanzia ilipobadilishwa, walikwama. Jeraha ni lile lile na bwawa ni lile lile, ila swali waliloulizwa limebadilika.

Kwa hiyo, ukisoma kwamba eneo fulani la ubongo ndilo makao ya kumbukumbu, tafuta kwanza orodha ya mambo ambayo mnyama aliyejeruhiwa bado aliyaweza. Bila orodha hiyo, tunachojua ni kwamba panya hakufika.