Sebuleni au Kibandani: Kosa la Mfasiri wa Filamu

Sisi walimu wa Kiswahili hapa Tororo tumezoea kusema kwamba filamu hutazamwa vizuri zaidi nyumbani. Hakuna joto wala msongamano, na neno likikupita unarudisha nyuma. Kwa kazi ya kusahihisha, sebule haina mfano. Hata hivyo, juzi sebule ilitupotosha, na ni vyema tukiri.

Wasomaji wetu wanaifahamu fani hii iliyostawi katika vibanda vya video: mfasiri husimulia juu ya sauti ya filamu. Kampala, VJ Jingo alijipatia jina kwa Kiganda. Kwa upande wa Kiswahili, Dar es Salaam ilikuwa na Lufufu, na Kenya ikatupa DJ Afro.

Tulichukua diski ya Commando (1985) iliyofasiriwa kwa Kiswahili, tukaitazama sebuleni kwa mmoja wetu pamoja na wanafunzi, kalamu mkononi. Arnold Schwarzenegger anapopiga kasia kuelekea ufukwe wa maadui na silaha zake, mfasiri anapaza sauti: "Mzigo yake haijalipiwa ushuru!" Tukapiga mstari mwekundu. Ilipasa iwe "mzigo wake haujalipiwa". Tukaandika kwamba mfasiri hajui upatanisho wa kisarufi.

Baadaye tuliitazama tena katika kibanda kimoja cha Malaba, kwenye mabenchi, kati ya madereva wa malori waliokuwa wakingojea karatasi zao za forodha. Kicheko kilianza kabla sentensi haijaisha. Walichocheka kwanza ni ile sauti. Mfasiri alikuwa anamwigiza wakala wa mpakani, na Kiswahili chake chote! Tulipoirudia diski tulikuta kwamba anaposimulia kwa sauti yake mwenyewe, ngeli hiyo hiyo haimpi taabu hata kidogo.

Hatusemi kila kosa ni mzaha. Mfasiri huyo anaruka mazungumzo marefu bila sababu, na penye ukimya anajaza maneno matupu. Hapo mstari mwekundu unabaki. Aidha, kibanda si mahali pa kila mtu: wasichana wa darasa letu waliokuja walikuwa watatu tu, wakakaa karibu na mlango. Kwao sebule ina haki yake, nasi hatutamlazimisha yeyote.

Lakini Uganda iliitambua lugha hii kuwa rasmi ya pili katika marekebisho ya katiba ya mwaka 2005, ilhali wapo wazee ambao hadi leo wakiisikia hukumbuka kambi za jeshi. Katika nchi kama hiyo, chumba ambamo watu hulipa kiingilio ili wacheke kwa Kiswahili kinastahili kuingiwa na mhakiki.

Mwanafunzi mmoja, mzaliwa wa Malaba, alituambia siku ile sebuleni kwamba mfasiri "anaongea kama wakala". Tulimnyamazisha, na zoezi lake tukalikata alama. Tumemrudishia.