Rangi Mpya, Mlima Uleule?

Kuna watu wanaodharau kazi ya kubadilisha rangi za spraiti, vile vipicha vidogo vya gemu vilivyojengwa kwa pikseli (si ile soda, tafadhali). Kwao, ukichukua mhusika aliyechorwa na mwingine ukampaka upya, hujachora kitu. Ni kama kununua koti la mtumba Karatina, kulitia rangi, kisha utake kuitwa fundi.

Mimi nakataa. Mwaka 1985, Super Mario Bros. ilitumia umbo moja kwa mawingu na vichaka: juu jeupe, chini kijani. Mwaka 1992, Mortal Kombat ilimrekodi mwigizaji mmoja, Daniel Pesina, ikamgeuza mara tatu: manjano akawa Scorpion, buluu Sub-Zero, kijani Reptile. Tukaamini kabisa kwamba hawa ni mahasimu wa kuuana. Ugomvi wote ule ulibebwa na rangi za nguo.

Basi dharau tuiweke kando. Lakini kazi inayotaka kuitwa sanaa lazima ikubali kukosolewa, na hapo nina neno na wanaoanza huku kwetu kuuzunguka Mlima Kenya.

Chukua spraiti ya bure ya mlima. Nyingi ni pembetatu yenye kofia pana nyeupe. Unaifungua kwenye Piskel, unabofya mara moja pikseli zote za rangi moja zinageuka, miteremko inakuwa kijivu, na ati huo ni Mlima Kenya. Aa wapi! Kati ya 1934 na 2010, barafu ya Lewis pale juu ilipoteza kama asilimia 90 ya ujazo wake. Kofia nzima nyeupe ni mlima wa babu zetu. Wakamba waliuita Kiinyaa, jina linalohusishwa na mbuni: weusi wa mwamba, weupe wa theluji. Yaani jina lenyewe ni palete ya rangi mbili, na moja inatoweka. Ukibakisha pikseli nne nyeupe, hizo nne zitasema mengi kuliko hotuba.

Na majani je? Kijani cha mashamba ya chai upande wa Nyeri hakikai Nanyuki, mwendo wa kama kilomita 60 tu, ambako kiangazi kikiingia nyasi za Laikipia hugeuka rangi ya makuti makavu. Mbofyo mmoja hauwezi kukuambia hayo. Lazima uwe umeangalia nje.

Nyusoni ndiko mambo huharibika zaidi. Mtu anamchukua mhusika mweupe, anashusha mwanga wa rangi zote kwa kiasi kimoja, anasema sasa ni Mwafrika. Anachopata ni doa: pua imezama, macho yanaelea. Chagua rangi tatu: kivuli, rangi ya kati, na pale jua linapogonga. Kivuli cha ngozi ya kahawia kivute kuelekea wekundu au zambarau, usikimbilie nyeusi. Kisha geuza picha iwe nyeusi na nyeupe. Kama huwezi kuzitenganisha hizo tatu, rudi mezani. Nywele nazo ni kesi nyingine: hakuna rangi itakayogeuza nywele za kulala kuwa matuta au rasta. Hapo usogeze pikseli zenyewe, bana.

Pia uliza kazi ni ya nani. Liberated Pixel Cup, shindano la 2012, liliacha spraiti nyingi ambazo leseni inakuruhusu kuzibadilisha, mradi umtaje mchoraji na uiachie kazi yako wengine kwa masharti yaleyale. Kumtaja hakukupunguzii kitu. Mchezaji wa Nyeri atakupima kwa njia nyingine: asubuhi, kabla mawingu hayajatanda, atautazama mlima wako kwenye skrini, halafu atatazama dirishani.