Njano Peke Yake Haitoshi

Ukimwonyesha mtambuzi wa mimea aliyeiva kichaka usichokijua, ua ndilo utakalomsifia, naye atalipa kisogo. Atashika tawi na kutafuta tumba, lile jicho dogo lililojibana kwapani mwa jani. Tumba ndilo linalomwambia jani limeanzia wapi. Kinachoonekana kama jani lakini hakina tumba kwapani ni kipande tu cha jani kubwa zaidi. Bila kulijua hilo, kila hatua inayofuata inaweza kupotoka.

Chukua kichaka chenye maua ya njano mfano wa tarumbeta, kilichokutwa uani na mpangaji mpya. Mijini kwetu, kuanzia Mombasa hadi Morogoro, washukiwa wa kwanza ni watatu, na wote asili yao ni Amerika: Tecoma stans, Allamanda cathartica na Cascabela thevetia. Picha ya simu iliyopigwa kwa mbali huwachanganya kirahisi. Mkono wenye uzoefu hauwachanganyi. Jani la Tecoma limegawanyika vipande vyenye kingo za msumeno, na majani yake hukaa mawili mawili, yakitazamana. Ya Allamanda aghalabu huzunguka shina matatu au manne kwenye fundo moja. Ya Cascabela ni membamba, marefu, nayo hupishana moja moja kuzunguka tawi.

Kisha mtambuzi huvunja kikonyo. Yakitoka maziwa, Tecoma imeondolewa, na mikono inakwenda kunawa, kwa kuwa Cascabela ina sumu kali, hasa mbegu zake, inayovuruga mapigo ya moyo. Kwenye nyumba yenye watoto, hapa si pa kubahatisha.

Sasa ndipo ua linapopewa zamu yake. Hupasuliwa kwa wembe, likatazamwa kwa lenzi. Ndani ya Tecoma kuna stameni nne zilizopangika jozi mbili, fupi na ndefu. Tunda humaliza ubishi: Tecoma hutoa ganda refu jembamba lenye mbegu za mabawa, Allamanda kibonge chenye miiba, Cascabela tunda la kijani linaloiva kuwa jeusi. Kama tunda halijatoka, mjuzi husema turudi baadaye. Namheshimu zaidi kwa jibu hilo kuliko kwa Kilatini chake.

Mimea ya bustani ina ugumu wake. Flora of Tropical East Africa, iliyoanza kuchapishwa 1952 na kukamilika 2012, inaeleza zaidi ya spishi 12,000 za Kenya, Uganda na Tanzania, lakini kitalu cha miche huuza chochote, kutoka bara lolote, hata kisichomo humo.

Ndiyo maana sampuli huhifadhiwa, ili jina liweze kuhakikiwa baadaye. Tawi lenye ua, na tunda likiwepo, hukandamizwa kati ya magazeti hadi likauke, kisha hubandikwa kwenye karatasi ngumu. Kwenye lebo huandikwa yale ambayo ukavu utayafuta: rangi, harufu, maziwa, urefu wa kichaka. Sampuli za namna hiyo hutunzwa katika Hebaria ya Afrika Mashariki, Nairobi. Mtaalamu wa baadaye akiona jina si sahihi, haling'oi. Hubandika kijikaratasi chake pembeni, chenye jina analoliona sahihi, jina lake mwenyewe na mwaka, na la kwanza huachwa palepale lisomeke.