Chui Asiyeonekana

Mtu anatembea miezi miwili milimani, analala kwenye baridi kali, anapita kingoni mwa magenge, halafu chui aliyemfuata hamwoni. Anaona nyayo, anaona kinyesi, basi. Kitabu kinakwisha. Simulia hivyo kijiweni uone, watakuuliza: sasa hela ya kitabu unarudishiwa na nani?

Swali la haki kabisa. Kitabu chenyewe ni The Snow Leopard, yaani Chui wa Theluji, cha Mmarekani Peter Matthiessen. Kilitoka mwaka 1978, kikapewa tuzo kubwa ya vitabu kwao, na mwandishi alifariki mwaka 2014. Ni shajara ya safari ya mwaka 1973, kwa miguu, kutoka Pokhara nchini Nepal hadi Shey, katika nchi ya Dolpo karibu na mpaka wa Tibet. Aliyemwalika ni George Schaller, mtaalamu wa wanyama, yule yule aliyekaa Serengeti miaka ya 1966 hadi 1969 akichunguza simba. Wawili hawa walikutana huko huko Serengeti. Kwa hiyo tusiseme haraka kwamba habari hizi zimeanzia mbali sana na sisi.

Schaller alikuwa na kazi maalum. Alitaka kuwatazama bharal wakati wa kupandana kwao, mwezi Novemba. Hawa ni wanyama wa mlimani ambao wataalamu walikuwa wakibishana kama ni kondoo au mbuzi. Matthiessen alikuwa na yake moyoni. Mkewe, Deborah Love, alikufa kwa saratani mwaka 1972, na wote wawili walikuwa wanafunzi wa Zen. Zen ni njia moja ya Ubudha iliyokulia China na Japani. Mfuasi huketi kimya, huhesabu pumzi zake, na kila mawazo yanapotoroka huyarudisha pale alipo. Hakuna zaidi ya hapo, na wanaojaribu wanasema hakuna kazi ngumu kama hiyo.

Sasa hebu kifanyie kitabu hiki uchambuzi kama tulivyofundishwa darasani. Dhamira: kutafuta amani baada ya msiba. Ujumbe: tusishikilie mambo ya dunia. Falsafa ya mwandishi: Ubudha. Msimamo wake: wa kidhanifu, hauoneshi njia ya kuikomboa jamii. Umemaliza, alama umepata, na kitabu hujakisoma. Nasema hivi kwa uchungu kidogo kwa sababu wengi wetu tunaoandika leo tumelelewa na masanduku hayo, na tunayabeba mpaka kwenye kuandika. Kijana anakuja na hadithi, ukimuuliza inahusu nini anakujibu "ufisadi" au "mapenzi na ukimwi". Ukimuuliza yule mhusika wake asubuhi anaamkia kitanda cha aina gani, anakutazama kama umemtukana. Dhamira ilishafika kabla macho hayajafunguka.

Ndiyo maana nasema mtu asome kurasa za Shey, hata kama mengine atayaruka.

Msafara unafika Shey baada ya mwezi mzima na zaidi wa kutembea. Hapo pana nyumba ya watawa ya kale ambayo Matthiessen ameiota njia nzima. Anamtaka lama wa pale, mwalimu wake mkuu, mtu ambaye huenda atampa neno. Wanafika, mlango umefungwa. Watu wa kijiji karibu wote wamevuka mlima kwenda upande wa pili kukaa majira ya baridi. Siku kadhaa baadaye wanapanda kwenye kijumba cha upweke kilicho juu gengeni, wanamkuta mtawa mmoja kiwete anashughulika na ngozi ya mbuzi, ameloa mafuta. Wanaongea naye kidogo kwa adabu, wanashuka. Huyo ndiye lama. Walimpita hivi hivi, kwa sababu lama waliyekuja naye kichwani hakuwa mtu wa kulainisha ngozi.

Hapo ndipo kitabu kinaponikamata. Matthiessen haandiki "mimi nilikuwa na mawazo finyu, sasa nimefunguka". Anapanda tena. Safari hii anamwangalia yule mzee: miguu iliyopinda, uso, jua la pale nje. Wanamuuliza anajisikiaje kufungiwa pale miaka yote, maana kwa miguu ile kushuka hawezi. Lama anacheka sana. Anasema anafurahi, tena hasa kwa vile hana la kuchagua. Matthiessen hamalizi mambo na jibu lile. Anatembea nalo, linamsumbua, anaporudi bado analo.

Kiswahili kina neno zuri kwa habari hii kuliko lugha nyingi: kuwapo. Na tuna hapa, huku na humu, tatu tofauti, ambazo mtoto wa miaka mitatu hazikosei. Safari ya Matthiessen karibu yote iko huku. Akili yake iko Marekani kwa marehemu, iko mbele kwa chui, iko kwenye vitabu alivyosoma. Inafika hapa mara chache, na mara nyingi kwa kulazimishwa. Mtu anayepita kwenye njia nyembamba ya genge, chini yake ziwa, hawezi kuwaza marehemu wala nirvana, anawaza kisigino. Angalia sentensi zake sehemu hizo, zinafupika. Humu, yaani ndani ya mlima wenyewe, anaingia labda mara mbili tatu kule Shey, anapokaa juani bila kufanya lolote na bharal wanalisha upande wa pili. Hizo kurasa usizisome ndani ya daladala.

Lakini tusimpambe. Kitabu kina mihadhara mingi mno. Mara historia ya Ubudha wa Tibet, mara fizikia, mara majina ya watakatifu yamepangwa kama mabati ghalani. Kila mhadhara unapoanza, mlima unatoweka. Ni ajabu kidogo: mtu anayehubiri kuwapo, akishaanza kuhubiri hayupo. Ningekuwa mhariri ningekata theluthi moja, na nadhani Wazen wenyewe wangenisaidia kushika mkasi.

Mtu wa kumlinganisha naye ni Schaller. Huyu hana habari na nirvana. Anahesabu bharal, anaandika nani kampiga nani pembe, anakusanya kinyesi cha chui na kukivunjavunja ajue alikula nini. Kitabu chake kuhusu milima hiyo, Stones of Silence, kilitoka mwaka 1980, na ukivisoma vyote viwili unashangaa jinsi mtaalamu anavyofika kule kule kwa njia ya daftari. Mpaka anajaribu kuandika haiku, vile vishairi vya Kijapani vya mistari mitatu. Kilichomfungua ni kutazama kitu kimoja kwa saa nyingi kwenye baridi. Hamna siri nyingine.

Halafu kuna wapagazi. Neno hili sisi tunalijua kwa mizigo yake. Tangu misafara ya Bagamoyo na Ujiji, vitabu vya wasafiri wa Kizungu vimejaa wapagazi wasio na majina, wanaoiba, wanaotoroka, wanaocheka bila sababu. Nilisubiri nione Matthiessen atafanya nini. Mara nyingine anateleza kule kule, anawasema Washerpa kwa jumla kana kwamba ni mtu mmoja mwenye tabasamu moja. Ila majina anayatoa: Jang-bu, Phu-Tsering mpishi, Dawa, Gyaltsen. Na Tukten.

Tukten ndiye chui wa kitabu hiki, kwa maoni yangu. Wenzake hawampendi, wanamwona mlevi na mtu wa kuangaliwa. Matthiessen mwenyewe mwanzoni anamwogopa kidogo, anamwona kama mtawa muovu, ana macho yanayokufuata. Ila siku zinavyokwenda anagundua kwamba kila panapokuwa na mto wa kuvuka au mzigo uliokwama, Tukten ameshafika, hajaitwa, halalamiki, wala hajionyeshi. Yale yote Matthiessen aliyoyasoma kuhusu kuwapo yanatembea mbele yake na kikapu mgongoni. Hakuna ukurasa mmoja ambapo anabadili mawazo. Anabadilika kama mtu anavyozoea giza, polepole, mpaka kumbe anaona.

Kuna jambo moja ambalo watetezi wa kitabu hiki hulipita haraka. Nyumbani aliacha mtoto wa miaka 8, ametoka kufiwa na mama. Alimwahidi kurudi kabla ya sikukuu ya Shukrani, mwishoni mwa Novemba. Tarehe ya mwisho ya shajara ni Desemba 1, na bado yuko Nepal. Barua ya mtoto imo kitabuni, na mwandishi hakuificha, tumpe haki yake. Lakini kuwapo kwa mlima na kutokuwapo kwa mtoto ni jambo la mtu yule yule, na Ubudha wote wa kurasa zile haujalijibu. Rafiki yangu mmoja alikifunga kitabu hapo, hakurudi tena. Sikumlaumu.

Aliyeendelea atakuta kwamba mwishoni Tukten na Matthiessen wanaagana, wamekubaliana kukutana tena Bodhnath, kwenye hekalu kubwa karibu na Kathmandu. Siku inafika. Matthiessen anakwenda, anatafuta, anauliza. Tukten hayupo. Washerpa walikuwa wameshamwonya tangu mwanzo kwamba yule si mtu wa kuaminika, na ingekuwa rahisi kuandika kwamba walisema kweli. Hakuandika hivyo.