Kabla ya Mashine, Maji: Espreso katika Nyumba ya Mji wa Kale

Namba ya kwanza anayokutana nayo mnunuzi wa mashine ya espreso huwa imechapishwa kwa herufi nene ubavuni mwa boksi: baa 15, na siku hizi hata 20. Namba hiyo si ya uongo, ila haimsaidii kitu. Ni presha ya juu kabisa ambayo pampu inaweza kuitoa njia ya maji ikizibwa. Kahawa yenyewe hukamuliwa kwa takriban baa 9, na mashine iliyoundwa vyema huwa na vali ya kuirudisha tangini ile ziada. Mkazi wa Kibokoni au Ndia Kuu, katika Mji wa Kale wa Mombasa, anayetaka espreso jikoni kwake angefanya vyema kuligeuza boksi upande wa pili, asome wati na volti, kisha aliache palepale dukani, arudi nyumbani akayaangalie maji yake.

Na kabla ya maji kuna swali la kikombe. Mombasa si mji unaongoja kufundishwa kunywa kahawa. Dele la shaba juu ya makaa, mfuko wa tangawizi, vikombe vidogo visivyo na mkono vinavyogonganishwa ili wateja wasikie: huo ni mtambo kamili, na ukichambuliwa kama mtambo mwingine wowote una hoja zake. Kahawa hukaangwa hadi iwe nyeusi, hutwangwa, kisha huchemshwa kwa muda mrefu. Hakuna pampu wala kichujio cha karatasi. Moto mdogo wa makaa chini ya dele unafanya kazi mbili: unaivisha kahawa, halafu unaiweka moto saa nyingi muuzaji akizunguka vichochoroni. Machicha hutulia chini kwa uzito wake, na mkono uliozoea haulitikisi dele wakati wa kumimina.

Kinachovutia zaidi ni ule utwangaji. Kinu na mchi havitoi unga wa saizi moja. Hutoa vumbi, chenga na vipande kwa pamoja. Katika dele jambo hilo halidhuru. Kila punje, kubwa kwa ndogo, imezama ndani ya maji yaleyale kwa muda mrefu, na mwishowe karibu kila kitu kinachoweza kuyeyuka kimeyeyuka. Uchungu unaobaki unatarajiwa. Ndiyo sababu kinywaji kinaitwa kahawa chungu na kando yake hukaa kashata, halua au tende.

Unga huohuo ukitiwa kwenye mashine ya espreso huharibu kila kitu. Pale maji hayakai na kahawa. Yanaipenya kwa kasi. Kipimo kinachotumiwa sana ni gramu 18 za unga zinazotoa takriban gramu 36 za kahawa katika sekunde 25 hadi 30. Maji yenye presha ya baa 9 yakikuta unga usiolingana hutafuta upenyo pale penye chenga, yakakimbilia hapo, huku vumbi la kando likikwama. Matokeo ni kikombe chenye ukali wa limau na uchungu wa mkaa kwa wakati mmoja, na mwenye mashine huanza kuilaumu mashine.

Hata Waitaliano hawakufika kwenye baa 9 kwa siku moja. Angelo Moriondo alisajili hataza ya mtambo wake mjini Torino mwaka 1884, na Luigi Bezzera wa Milano akafuata mwaka 1901 na mtambo uliotoa kikombe kimojakimoja. Mitambo ya wakati huo ilitegemea mvuke, ambao presha yake haikuzidi sana baa moja na nusu, na kahawa yake iliungua kidogo. Achille Gaggia, aliyekuwa na baa ya kahawa hukohuko Milano, alisajili wazo lake mwaka 1938. Baada ya Vita vya Pili vya Dunia akalikamilisha kwa mashine ya wenzo na springi iliyosukuma maji bila kutegemea mvuke. Hapo ndipo lile povu la rangi ya dhahabu lilipoonekana juu ya kikombe. Mwaka 1961 kampuni ya Faema ikatoa E61, iliyotumia pampu ya umeme mahali pa mkono wa binadamu, na mashine nyingi za leo ni vitukuu vyake.

Katikati ya historia hiyo kuna kifaa kingine ambacho kwa Mji wa Kale kina uzito kuliko E61. Mwaka 1933 Alfonso Bialetti alitoa birika dogo la alumini lenye pande nane, akaliita Moka, kwa jina la bandari ya Mokha ya Yemen. Birika hilo halina umeme. Maji huwekwa chini, unga katikati. Mvuke ukikusanyika huyasukuma maji yapande juu kupitia kwenye unga. Presha yake ni baa moja hadi mbili tu, kwa hiyo si espreso, na wauzaji wanaoliita hivyo wanatia chumvi. Lakini kahawa yake ni nzito, kali, na haina machicha kama ya dele. Kwa ladha imesimama mahali fulani kati ya kibaraza cha Kibokoni na baa ya Milano.

Turudi kwenye maji.

Kisiwa cha Mombasa kimekaa juu ya mwamba wa matumbawe. Ngome ya Yesu, iliyojengwa na Wareno kuanzia 1593, imesimama juu ya mwamba huo, na kuta za nyumba za Mji wa Kale ni mawe ya matumbawe yaliyoshikanishwa kwa chokaa. Maji ya visima vya mtaani yamepita katika mwamba uleule. Yana chokaa iliyoyeyuka, na karibu na bahari yana chumvi pia. Maji ya bomba hutoka mbali, yakiwemo ya chemchemi za Mzima kule Tsavo na ya visima vya Baricho kando ya mto Sabaki, ila hayaji kila siku. Siku yasipokuja, hamali wa mkokoteni huleta mitungi ya lita 20, na si rahisi kujua kisima ni kipi.

Chokaa ikipashwa moto huganda. Ndani ya boila hujenga ukoko mgumu, ambao kwa kemia ni kitu kilekile kilichomo katika ukuta wa nyumba. Ukoko huo hukinga maji na moto, hivyo hita hufanya kazi zaidi ya inavyopaswa; huziba vijitundu ambavyo baadhi yavyo havipiti upana wa sindano. Dawa yake inapatikana kwa bei ndogo: unga wa ndimu, uleule wa kutia kwenye achari na vibanzi, ukiyeyushwa katika maji na kupitishwa ndani ya mashine, kisha kusuuzwa kwa matangi mawili ya maji safi. Boila ikiwa ya alumini mchanganyiko uwe mwepesi na usilazwe humo usiku kucha, kwani asidi huila alumini.

Chumvi ni balaa kubwa zaidi, maana haina dawa. Kloridi hutoboa hata chuma kisichoshika kutu, pole pole, kwa ndani, na siku boila inapovuja hakuna cha kusafisha. Maji ya kisima cha chumvi yasiingie kwenye mashine hata mara moja. Upande wa pili, maji yaliyochujwa mpaka yakabaki bila madini, kama yale ya vituo vya kujazia mitungi, huokoa mashine na ukoko lakini huitoa kahawa ikiwa haina uchangamfu. Madini kidogo ndiyo yanayoivuta ladha kutoka kwenye unga. Wataalamu wa kahawa duniani hulenga miligramu 150 hivi za madini kwa lita moja, na huridhika kati ya 75 na 250. Kipima madini cha mkononi, kinachofanana na kalamu, ni cha bei nafuu kuliko fundi yeyote. Mwenye nyumba akikitia kwenye ndoo yake kwanza atajua mengi kuliko yaliyoandikwa katika boksi lolote. Maji yakisoma 60 yanaweza kuongezwa kidogo ya bomba; yakisoma 900 hayana kazi hapo.

Stima nayo ina masharti. Kenya hutumia volti 240 na mizunguko 50 kwa sekunde. Mashine iliyoletwa na jamaa kutoka Uingereza huchomekwa ikafanya kazi, plagi na yote. Iliyotoka Marekani imeundwa kwa volti 120 na mizunguko 60. Ikichomekwa moja kwa moja huungua. Transfoma huitatua volti, haibadilishi mizunguko, na pampu ndogo zinazotetemeka zilizomo katika mashine nyingi za nyumbani hufuata mizunguko hiyo, kwa hiyo presha haitakuwa ile aliyoikusudia mtengenezaji. Ukarimu wa shangazi wa Boston ni bora upokewe kwa njia ya fedha.

Halafu kuna kukatika. Usiku wa tarehe 25 Agosti 2023 karibu Kenya nzima ilikuwa gizani, na Mombasa haikusalimika. Ukatikaji mdogo wa mtaa mmoja mmoja haufiki hata kwenye habari. Mashine kubwa yenye kichwa cha aina ya E61, ambacho peke yake kina uzito wa kilo kama nne za shaba, huhitaji karibu nusu saa kupata moto sawasawa. Stima ikiyumba mara mbili asubuhi, mwenyewe huenda kazini bila kahawa. Mashine nyepesi zinazopasha maji yakipita katika mfereji mwembamba ndani ya bamba la chuma huwa tayari chini ya dakika moja. Joto lake huyumba zaidi, na wajuzi huzidharau. Kwa nyumba ya Mji wa Kale dharau hiyo haina msingi mkubwa. De'Longhi Dedica, kwa mfano, ina upana wa sentimita 15 tu, na katika majiko yaliyobanwa kati ya ngazi na ukuta wa unene wa mkono, upana ni hoja nzito.

Mashine hizo nyepesi zina ujanja mmoja unaofaa kujulikana. Kichujio kinachokuja nazo mara nyingi kina sakafu mbili, ya chini ikiwa na kitundu kimoja. Kitundu hicho ndicho kinachozuia maji, si unga. Kwa hiyo hata kahawa ya paketi iliyosagwa miezi mingi iliyopita hutoa povu la kupendeza. Povu hilo halisemi lolote juu ya ubora. Mwenye kutaka espreso hasa hununua kichujio cha sakafu moja, na saa hiyohiyo hugundua kwamba anahitaji kisagio.

Hapo ndipo fedha zinapopaswa kwenda. Kisagio cha mkono chenye meno ya chuma, kama vile vya Timemore au 1Zpresso kutoka China na Taiwan, hakihitaji stima na husaga punje za saizi inayokaribiana. Kile cha umeme chenye visu viwili vinavyozunguka hukatakata tu. Kazi yake haipiti ya mchi. Mashine ya wastani iliyolishwa unga mzuri huishinda mashine ya kifahari iliyolishwa unga mbovu, na hapa hakuna ubishi wa kweli miongoni mwa wanaoijua kazi.

Sasa hesabu ya wageni. Espreso moja ya uhakika, kuanzia kupima na kusaga hadi kupangusa, huchukua dakika mbili kwa mtu mwepesi. Wageni 10 baada ya tarawehe ni dakika 20 za mwenyeji kusimama jikoni huku mazungumzo yakiendelea barazani bila yeye. Kila wageni wakija ndivyo atakavyokuwa. Birika la Moka la vikombe 12 hutoa kahawa ya wote kwa mkupuo mmoja juu ya jiko la gesi, likiwekwa kibati cha kulizuia lisiyumbe kwenye meko mapana. Moto uwe mdogo, na litolewe mara linapoanza kukoroma, la sivyo kahawa inaungua. Kwa familia nyingi za mtaa huu, Moka pamoja na kisagio kizuri cha mkono ndio ununuzi wenye akili. Mpenda espreso anayeishi peke yake, anayekunywa kikombe kimoja alfajiri, ana njia nyingine: mashine za wenzo za mkono kama Flair au Cafelat Robot, ambazo mtu huzisukuma kwa nguvu zake hadi baa 9, hazina boila ya kupata ukoko, na husafishwa kama sufuria. Mashine ya umeme inabaki kuwa ya anayetaka maziwa yenye povu kila siku. Huyo hana njia ya mkato.

Kahawa yenyewe ingepaswa kuwa sehemu rahisi. Wamisionari wa Kifaransa walipanda miche huko Bura, Taita, mwaka 1893, si mbali na pwani. Lakini Mombasa ina mnada wa chai, wa kahawa uko Nairobi, na sehemu kubwa ya zao bora hupita bandarini ikiwa kijani ndani ya makontena, ikielekea Ulaya na Marekani. Anayenunua aulize tarehe ya kukaangwa. Kama muuzaji haijui, atafute kwingine. Gramu 250 kwa wakati zinatosha: katika unyevu wa kisiwa kahawa iliyofunguliwa hupoteza harufu ndani ya wiki chache, na iliyosagwa ndani ya siku.

Kwa mashine za mtumba, ambazo hushuka na makontena ya vyombo vya nyumbani, ukaguzi hauhitaji fundi. Funua tangi utazame kama kuna unga mweupe kwenye mirija. Iwashe, iache ipate moto, kisha funga mpini wa kichujio na usukume maji; yakivuja pembeni ni mpira umekauka, na mpira hubadilishwa. Yakitiririka chini ya mashine yenyewe, huenda boila imetoboka. Pima upana wa kichujio pia. Wenye milimita 58 hupata vipuri kirahisi, kwa kuwa ndicho kipimo cha mashine nyingi za migahawa; wenye 51 au 54 waagize mipira miwili siku ileile wanayonunua mashine.